Anayejua Maji Yanarudi Saa Ngapi

Ukifika Konde, kaskazini mwa Pemba, ukauliza njia ya Vumawimbi, utaonyeshwa barabara moja tu. Inapita kwenye mikarafuu na shamba la mpira, inazama ndani ya msitu wa Ngezi, kisha inatokea upande wa pili kwenye rasi nyembamba ya Kigomasha. Kushoto kuna Verani, iliyotazamana na maji ya mlango wa Pemba. Kulia kuna Vumawimbi, ufukwe wa mchanga mweupe unaopokea mawimbi ya bahari kuu. Mbele kabisa, kwenye ncha ya kisiwa, umesimama mnara wa taa uliojengwa mwaka 1900. Msafiri mwenye akili zake huuliza: njia ikiwa ni moja, na ramani imo kwenye simu, mwongozaji ni wa nini? Mtu anayetaka kuzunguka ndani ya msitu wa Ngezi hana hiari kubwa, maana hupitia kwa maofisa wa misitu langoni akapewa wa kufuatana naye. Lakini swali huulizwa kila mahali kwenye mwambao huu ambako safari ya mguu inaishia kwenye ufukwe usio na hoteli, na linastahili jibu zaidi ya lile la kawaida, kwamba vijana wa kijiji nao wanahitaji kula.

Jibu langu ni kwamba swali limeanzia mahali pasipo pake. Mwongozaji wa pwani hauzi njia. Anauza saa na ruhusa. Anajua maji yataondoka lini na yatarudi lini, na anajua ni nani wa kuulizwa kabla mgeni hajakanyaga mahali. Hivyo viwili havionekani kwenye ramani yoyote, na bila hivyo hata barabara iliyonyooka inaweza kumpeleka mtu pabaya: kwenye mwamba uliozungukwa na maji, au katikati ya shughuli za watu ambao hawakumwalika.

Tuanze na saa. Bahari ya upande wetu hupwa mara mbili na kujaa mara mbili katika mzunguko wa zaidi kidogo ya saa 24, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja na maji hupata nguvu: hiyo ndiyo bamvua, ambapo tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne katika sehemu nyingi za Zanzibar, Tanga na Mombasa. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kwa kupingana, na tofauti hiyo hushuka hadi mita moja hivi: hayo ndiyo maji mafu. Lililo muhimu kwa mtembeaji, na ambalo wageni wengi hawalijui, ni kwamba mahali pamoja bamvua hurudi na saa zake zilezile. Pwani ya Unguja na Pemba, siku za bamvua bahari hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne maji yamejaa, na jioni ndiyo yamepwa. Mzee wa pwani akitazama mwezi usiku, keshajua kesho atakwenda mwambani saa ngapi.

Kupanda kwa maji hakuendi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu yao ya kukadiria: gawanya tofauti ya kupwa na kujaa kwa 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua bamvua ya mita 3.6. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda sentimita 30 tu, na mtu aliye mbali kwenye tambarare ya mwamba hudhani bahari imelala. Saa ya tatu hupanda sentimita 90, na ya nne sentimita 90 nyingine. Kwenye tambarare iliyoinama mita moja kwa kila mita 200, hiyo ina maana ukingo wa maji unasogea mita 180 kwa saa, yaani mita tatu kila dakika. Anayetembea polepole huyashinda maji hayo bila jasho, na ndiyo maana wengi huyadharau. Hatari haiko mbele yake. Tambarare za mwambao wetu hazikulala sawasawa. Zina mikondo na mabonde, na mara nyingi sehemu ya chini kabisa iko karibu na nchi kavu, nyuma ya mtu aliyesimama kwenye kilele cha mwamba akipiga picha. Maji huingia huko kwanza. Anapogeuka kurudi, kijito alichovuka kwa kukunja suruali kimekuwa mlango wa bahari unaokwenda kasi.

Hapa mpinzani atasema: majedwali ya maji yapo, yanachapishwa kila mwaka kwa bandari kubwa, na siku hizi yamo kwenye simu ya kila mtu. Ni kweli, na anayekwenda pwani bila kuyatazama hana udhuru. Lakini jedwali linasema habari za bandari. Haliambii upande wa pili wa rasi kukoje, wala ndani ya hori, ambako maji huchelewa kufika na huchelewa kutoka kwa sababu mlango ni mwembamba na mikoko imeziba njia. Upepo nao haumo kwenye hesabu hizo, ingawa ukivuma kutoka baharini unaweza kusukuma maji juu kuliko yalivyotabiriwa, na wakati wa kusi au kaskazi kali wimbi lenyewe ndilo linaloamua kama ufukwe unapitika. Tena jedwali halijui kijito kipi kilihama baada ya masika ya mwaka jana. Simu inakupa wakati wa bahari kwa jumla. Mtu wa mahali anakupa wakati wa mahali. Nitakubali jambo moja kwa wapinzani: mwongozaji asiyejua haya, aliyeletwa kutoka mjini kwa sababu anazungumza Kiitaliano vizuri, hana alichokuzidi. Wako wa namna hiyo, tena wengi.

Msitu wa Ngezi unahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu watu wengi huuvuka kwa haraka wakiwaza bahari, na hapo ndipo mwongozaji mzuri hurudisha gharama yake mara mbili. Unguja na bara zimetenganishwa na maji ya kina kifupi. Enzi za barafu, bahari iliposhuka duniani kote, mtu angeweza kwenda kwa miguu. Pemba sivyo. Kati yake na bara kuna shimo la mamia ya mita kwenda chini, kwa hiyo kisiwa kimekaa peke yake kwa muda mrefu mno, na viumbe wake wakapata nafasi ya kushika tabia zao wenyewe. Ngezi, yenye takribani kilomita za mraba 14, ni masalia makubwa ya msitu wa asili uliokuwapo kabla ya mikarafuu kufunika kisiwa katika karne ya 19. Humo unapatikana mpapindi, mnazi mwembamba wa porini ambao asili yake ni Pemba na si kwingine. Kuna ndege wanne wasiojulikana mahali pengine duniani: bundi mdogo, njiwa wa kijani, chozi, na kidege chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Bundi huyo humwoni mchana, na usiku utamsikia tu, isipokuwa uwe na mtu anayejua tawi lake.

Yuko pia popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye uso wa mbweha, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia mita moja na nusu hivi. Historia yake inafaa kukumbukwa na kila anayebishana kuhusu ada za utalii wa vijijini. Alikuwa kitoweo. Aliwindwa kwa mitego na bunduki huku miti anayolala ikikatwa, na kufikia mwaka 1996 orodha ya kimataifa ya IUCN ilimweka katika daraja la viumbe walio ukingoni mwa kutoweka. Kilichomwokoa ni vijiji. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Uingereza la Fauna & Flora International, zilianzishwa klabu za wanakijiji za kulinda makazi ya popo na kuzuia uwindaji, na katika kijiji cha Kidike wageni walianza kulipa kiingilio ili waongozwe hadi kwenye miti wanakoning'inia. Hesabu za baadaye zilikadiria popo karibu 20,000, na IUCN ikamtoa kwenye daraja lile la mwisho. Sitadai kwamba viingilio pekee ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Elimu shuleni na sheria za vijiji zilichangia pakubwa. Lakini popo aliye hai alianza kuwa na thamani kwa watu walewale waliokuwa wakimla, na hilo lilitokea kwa sababu mgeni hakuruhusiwa kwenda kumtazama mwenyewe na kuondoka.

Sasa ruhusa. Matangazo ya utalii hupenda kusema juu ya ufukwe uliojificha, usio na mtu. Kwenye mwambao wa Waswahili ufukwe wa namna hiyo ni nadra sana. Ule unaoonekana mtupu saa saba mchana ulikuwa na watu saa nne, na watarudi usiku. Vumawimbi wavuvi hupiga dago: huja na vyombo, huweka vibanda vya makuti juu ya mchanga, hukausha dagaa na samaki, hukaa kwa wiki kadhaa kisha huhama kufuata msimu. Kwa mgeni, kibanda kisicho na mtu ni mandhari. Kwa mwenyewe ni nyumba, na ndani kuna nyavu zenye thamani kuliko simu ya mgeni. Katika fukwe nyingine za Pemba na Unguja, bamvua ndiyo wiki ya kazi ya wanawake. Kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara Unguja mwaka 1989 kimekuwa kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa, na Pemba sasa ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Vigingi na kamba vimesimikwa kwenye mchanga unaofunuka maji yakipwa, yaani palepale mtembeaji anapopaona pazuri pa kupita, na saa ileile aliyoichagua kwa sababu maji yameondoka. Mguu mmoja juu ya kamba iliyojaa mwani wa wiki sita ni hasara ya mtu.

Mwambani nako kuna mipaka isiyoonekana. Katika miaka ya karibuni vijiji kadhaa vya Pemba, Kisiwa Panza kikiwa miongoni mwao, vimekuwa vikifunga sehemu za miamba kwa miezi ili pweza wakue. Pweza hukua upesi mno, na miezi mitatu ya subira hubadilisha uzito wake kabisa, hata siku ya kufungua mwamba hugeuka kama siku ya mavuno. Lakini mwamba uliofungwa hauna ukuta. Alama inaweza kuwa boya moja, au makubaliano tu yanayojulikana na kila mtu wa kijiji. Mgeni anayejitembelea akigeuza mawe ili watoto wake waone kilichojificha chini yake atakuwa amevunja sheria ya watu ambao wao wenyewe wamejinyima. Hatajua, na watakaomwona wakiwa mbali watasema tu kwamba watalii wanaruhusiwa yale ambayo wao wamekatazwa. Makubaliano ya aina hii huishi kwa imani ya kila mmoja kwamba mwenzake ameshikamana nayo. Akionekana mmoja asiyejali, hata kama ni mgeni, kesho yake kuna mvuvi atakayeuliza kwa nini yeye ajali.

Mfano ulio wazi zaidi wa ruhusa hauko Pemba, uko Kenya. Karibu na ufukwe wa Diani, hatua chache kutoka hoteli kubwa, kuna Kaya Kinondo, msitu mdogo wa Wadigo wenye hekta 30 hivi. Ni mmojawapo wa misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo kadhaa kati yake iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni haingii peke yake. Hufungwa kaniki kiunoni, huambiwa nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi, na hatoki na kitu, hata jani kavu. Mtu anaweza kusema hayo ni maonyesho kwa ajili ya wageni. Siamini hivyo, kwa sababu masharti hayo ni ya wazee kwa watu wao wenyewe, na yalikuwapo kabla hoteli hazijajengwa. Angalia matokeo. Eneo lote lile la pwani limekatwa vipande na kuuzwa, na msitu uliosalia na miti yake mikubwa ni ule ambao mtu haingii bila kupelekwa. Misitu ya Pemba na Unguja ina mizimu yake pia, mapango na mibuyu iliyofungwa vitambaa, na mwongozaji wa kweli hukupitisha mbali kidogo bila kueleza sana. Kutoeleza huko nako ni sehemu ya kazi yake.

Tufike kwenye pingamizi lenye nguvu kuliko yote, ambalo husemwa kwa sauti ya chini Mji Mkongwe na Malindi: mwongozaji ni papasi aliyepata kitambulisho. Kila aliyeshuka kwenye boti bandarini Unguja anawajua papasi, vijana wanaomganda mgeni kama kupe, wakimpeleka hoteli wanakolipwa kamisheni na kumuuzia safari isiyo yao. Kulazimisha mwongozaji, hoja inasema, ni kuhalalisha usumbufu. Pingamizi hili lina ukweli, na haliondolewi kwa kusema kwamba vijana hawana ajira. Linaondolewa kwa kuangalia fedha inakwenda wapi. Ada inapolipwa ofisini, ikaandikwa kwenye risiti, na sehemu yake ikafika mahali panapoonekana, uhusiano hubadilika. Jozani, kule Unguja, wageni wanaokwenda kutazama kima punju na kutembea kwenye njia ya mbao ndani ya mikoko hulipa langoni na kupewa mwongozaji, na sehemu ya mapato hurudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu, ambavyo mashamba yao huliwa na kima haohao. Ugomvi kuhusu mgawo huo haujawahi kwisha, na sidhani utakwisha. Lakini ni ugomvi wa watu wenye hisa. Kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, daraja la kamba na mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege limekuwa likichangia karo za wanafunzi wa sekondari kupitia mpango ulioanzishwa na A Rocha Kenya mwaka 2001, kwa familia zinazoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori lenyewe. Mzazi ambaye mtoto wake anasoma kwa fedha hiyo ana sababu ya kumwambia jirani asikate mkoko. Papasi hawezi kumpa sababu hiyo.

Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar, kilipita njia nyingine lakini kinathibitisha jambo lilelile. Mwamba wake wa magharibi ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, na waliofanywa walinzi walikuwa wavuvi wa huko, watu walioujua mwamba kwa sababu waliuvua. Ndio wanaowaongoza wageni majini na kwenye njia za msitu wa jiwe. Mwekezaji ni binafsi, nyumba za wageni ni saba tu, na bei si ya mtu wa kawaida. Kwa hilo Chumbe inalaumiwa, na lawama ni ya haki. Lakini anayetaka kujua kama mvuvi anaweza kuwa mwalimu wa bahari bila kupitia chuo, jibu liko pale.

Wapo wanaolalamika kwa sababu tofauti kabisa. Wanasema wanakwenda ufukwe wa mbali kutafuta utulivu, na mtu anayetembea hatua mbili mbele akitaja majina ya miti anauharibu. Nawaelewa. Mwongozaji anayesema bila kupumua ni adhabu, na wengi hufundishwa kwamba kunyamaza ni uvivu. Mgeni ana haki ya kuomba kimya, na mwongozaji mzoefu hufurahi akiombwa. Lakini anayedai utulivu ajiulize ulitoka wapi. Nungwi na Kendwa zilikuwa fukwe za wavuvi na mafundi wa majahazi mpaka miaka ya 1990. Leo zimejaa hoteli kutoka ncha moja hadi nyingine. Wageni wa kwanza wenye mabegi mgongoni walizitafuta kwa sababu hapakuwa na mtu. Ufukwe haubaki wa faragha kwa sababu umejificha, maana hakuna kilichojificha tena kwenye picha za setilaiti. Unabaki hivyo pale ambapo kuna watu wenye uwezo wa kusema wangapi waingie na kwa masharti gani, na wenye faida ya kutosha kutokana na hali ilivyo ili wasishawishike kuuza. Sina hakika kwamba ada za waongozaji zinatosha kushindana na bei ya kiwanja cha ufukweni. Pengine hazitoshi. Bila hizo, hata hivyo, kijiji hakina hesabu yoyote ya kuweka mezani mbele ya mnunuzi.

Mwenyeji wa Tanga au Lamu atauliza kama haya yanamhusu, yeye aliyezaliwa kwenye maji ya chumvi. Kwa sehemu kubwa hayamhusu akiwa kwao. Akivuka kwenda kwa wengine yanamhusu, na mila zetu zilikwisha kulisema hilo bila kungoja wizara ya utalii: mtu hapiti kwenye kiambo cha watu kimyakimya, hubisha hodi, husalimu, husema anakwenda wapi. Familia za Dar es Salaam na Nairobi zinazomiminika pwani sikukuu zikifika zimeisahau desturi hii kuliko Wazungu, labda kwa sababu zinadhani lugha moja inatosha kuwa ruhusa.

Jinsi ya kumpima mwongozaji si jambo gumu. Usimpime kwa Kiingereza chake wala kwa majina ya Kilatini ya miti. Mpime kwa kile anachokikataa. Anayekubali kila saa uliyoitaja, kila njia, kila picha, hajui bahari au hajali. Mzuri atakuambia kesho haiwezekani, tuondoke saa kumi na mbili asubuhi au tusiende. Atakuambia uache malapa nyumbani uvae viatu vilivyofungwa, kwa sababu jiwe la matumbawe hukata kama wembe na kidonda chake huchelewa kupona, na ukiwa majini uburure miguu mchangani ili taa aliyejifukia apate kukukimbia kabla hujamkanyaga. Atakuambia ujifunge kanga unapopita kijijini, hata kama ufukweni utaivua. Atakuambia pia hapana kwa kombe la baharini, yaani lile ganda kubwa la rangi unalotaka kupeleka nyumbani, na hapana kwa tochi usiku kwenye mchanga ambako kasa hupanda kutaga.

Kwa anayetaka kwenda Vumawimbi, basi, hesabu ni hii. Siku za bamvua toka Konde alfajiri, msitu uvuke ndege wakiwa bado wanalia, ufike ufukweni saa tatu maji yakiwa yanaondoka. Mwambani una muda hadi saa nne na nusu hivi. Baada ya hapo geuka, kwa sababu kati ya saa sita na saa nane mchana ndipo maji yanapokimbia. Siku za maji mafu safari hugeuka: asubuhi bahari iko juu ya mchanga na ni nzuri kwa kuogelea, mwambani hakuna cha kutazama mpaka jioni, na ukingoja jioni itakubidi urudi kupitia Ngezi gizani, jambo ambalo linamfaa tu aliyekuja kwa ajili ya bundi. Kijana akijitokeza langoni akikuambia yeye ndiye mwongozaji, mwulize leo mwezi una siku ngapi. Akitoa simu mfukoni ili akujibu, mshukuru umtafute mwingine.